Mwaka Nilipokuwa Mdomo wa Zakaria

Binti wa Zakaria alinipigia simu Jumanne asubuhi nikiwa shambani, kwenye ile mistari michache ya majani chai ambayo bado naiweza. Aliuliza kama mimi ndiye Joeli wa Boito. Nikasema ndiye. "Yule mkalimani wa baba?" Hakuna mtu aliyekuwa ameniita hivyo kwa karibu miaka arobaini, nami nilidhani wote walionijua kwa jina hilo wamekufa au wamesahau. Akaniambia baba yake amefariki, mazishi ni Ijumaa, na mama ameomba nije niseme neno, kwa sababu marehemu alinitaja mara nyingi. Nilimpa pole, nikaahidi kufika. Kisha nikaendelea kuchuma mpaka mwisho wa mstari, kwa maana kikapu hakikuwa kimejaa na vidole vya mtu aliyechuma maisha yake yote havingoji kichwa kiwaze. Jioni hiyo nilinunua daftari dukani. Nimeamua kuuandika mwaka ule kama ulivyokuwa, na yale niliyoyafanya niyaseme kuwa niliyafanya.

Sitaeleza nilizaliwa kwa nani wala tulikuwa wangapi nyumbani, hayo hayana kazi hapa. Inatosha kusema nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na nasubiri matokeo, na kanisa letu dogo la mabati lilikuwa limeletewa mwinjilisti kutoka upande wa Kisii. Zakaria alikuwa na miaka thelathini na kitu, mrefu, mwenye koti la kijivu lililopungukiwa kifungo kimoja, na hakujua neno hata moja la Kikipsigis. Watu wetu nao siku hizo, hasa kina mama, walijua Kiswahili cha sokoni tu: bei, habari ya nyumbani, mvua imekataa. Kwa hiyo kila mhubiri mgeni alisimama na mtu kando yake. Yeye anasema sentensi moja, ananyamaza. Wa kando anaisema kwa Kikipsigis. Wanaendelea hivyo, kama watu wawili wanaokata gogo kwa msumeno mmoja. Wazee walinichagua mimi kwa sababu nilikuwa nimesoma na sauti yangu ilifika benchi la nyuma. Hakuna aliyeniuliza kama ninaamini. Mimi pia sikuona kwamba hilo ni swali la kumuuliza mtu aliyepewa kazi ya mdomo.

Tulipewa chumba kimoja nyuma ya kanisa, mimi na yeye, ili niwe karibu akiitwa kwa mgonjwa au kwenye kilio. Kuta zilikuwa za mabanzi, na mianya tuliiziba kwa magazeti ya zamani tukiyabandika kwa uji wa unga. Vitanda viwili, meza moja yenye mguu uliokatika ukasimamishwa juu ya jiwe, msumari wa koti lake na msumari wa langu. Kila siku baada ya saa tisa mvua ilikuja kutoka upande wa msitu, wakati mwingine na mawe yake, na ikianza kupiga mabati ilibidi tusemezane kwa kupiga kelele ingawa tulikuwa tumekaa magoti kwa magoti. Nikifikiria mwaka ule sasa, kitu cha kwanza kinachonijia si sura yake. Ni ile kelele, na jinsi ilivyokatika ghafla mvua ilipopita, ukajikuta bado unapiga kelele peke yako kwenye ukimya.

Chakula ndicho kilichotufanya marafiki. Jioni ya pili kina mama walituletea ugali, kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya kugandisha, na sufuria ya mboga iliyolazwa kwenye maziwa. Zakaria alianza na maziwa, akatazama rangi yake ya majivu. "Haya yameungua?" Nikamwambia hayajaungua, yametiwa mkaa. "Makusudi?" Makusudi, nikasema. Akaweka kikombe chini polepole, kwa heshima. Lakini alipoonja mboga alifumba macho. "Hii ni chinsaga! Nani amewaletea chinsaga yetu?" Nikamwambia hiyo ni isakek, na ilikuwa hapa kabla babu yake hajazaliwa. "Joeli, mimi nimekula hii mboga nikiwa bado sina meno." "Basi ulikuwa unakula isakek bila kujua." Tulibishana mpaka sufuria ikaisha. Mboga moja, majina mawili. Tulicheka na kulala. Sikuwaza kwamba kuna mahali mambo huwa kinyume, jina likawa moja na vitu viwili.

Alipenda kunitania kwa matamshi yangu, kwa sababu sisi ulimi wetu hautofautishi sana herufi fulani. "Mkalimani, sema 'baba'." Nikasema papa. "Huyo ni samaki, bwana! Na ni samaki mkubwa. Boito hakuna bahari, wewe unaniletea papa." Nami sikukaa kimya. "Wewe sema 'jina lako nani'." Akasema china lako nani. "Umeona? Mimi nimefika baharini tu, wewe umevuka." Mara nyingi hivyo ndivyo tulivyojiandaa kwa ibada ya Jumapili. Ningependa kusema tuliomba zaidi ya tulivyocheka, lakini sivyo.

Jumapili ya kwanza kabisa nilifanya kosa ambalo ni lazima nilieleze vizuri, kwa sababu yote yaliyofuata yanasimama juu yake. Zakaria alihubiri juu ya imani. Sasa, kwa Kikipsigis kuna neno *iman*, nalo maana yake ni ukweli. Kuamini, kukubali moyoni, tunakuita *kayanet*. Mtu anayetafsiri haraka huona maneno hayo mawili, imani na iman, yakifanana kama mapacha, na ulimi huchukua njia fupi. Nilisema iman mahubiri yote. Tulipotoka, Mama Tabitha, ambaye wakati huo alikuwa mke kijana mwenye mtoto mgongoni, alinikamata mkono mlangoni mbele ya watu. "Wewe kijana, mwinjilisti amesema tuwe na ukweli au tuamini? Maana ukweli mimi ninao. Kuamini ndiko kunanishinda." Watu walicheka, nami nilicheka, na kutoka siku hiyo sikukosea tena. Niliposikia imani nilisema kayanet. Naandika hili ili mtu yeyote asije akanitetea kwamba sikujua.

Niliipenda kazi ile, na hapo ndipo shaka yangu ilipoanzia. Baada ya miezi miwili nilikuwa nimejifunza kuchukua sentensi ya Zakaria iliyo kavu na kuitoa ikiwa na maji. Akisema Mungu anatuona, mimi nilisema anatuona kama mama anavyomwona mtoto anayejifanya amelala. Kina mama walilia. Siku moja nilimwona mzee mmoja akifuta macho kwa kofia yake, na mimi niliyemliza nilikuwa nawaza kama ugali wa mchana utakuja na nyama. Nilishtuka, lakini si sana. Nilijiambia labda ndivyo ilivyo kwa wote wanaosimama mbele. Kisha nikaanza kujiuliza bila kukoma: kama naweza kuwafanya watu waguswe na kitu ambacho mimi hakinigusi, basi kinachowagusa ni nini? Ni Mungu, au ni sauti yangu? Nilipoomba mwenyewe nilijisikia kama mtu anayepiga kelele baada ya mvua kukatika. Sikumwambia mtu.

Mwezi wa nne dereva wa lori la majani alimletea Zakaria habari kwamba mtoto wake wa kike, aliyekuwa na miaka minne, anaugua kifua huko nyumbani. Ilikuwa Jumapili, kabla ya ibada. Alisimama mbele akawaambia watu, nami nikatafsiri, na kanisa zima liliomba mpaka jasho. Mwishoni alinyanyua uso ukiwa umeng'aa, akasema, "Nimeona rohoni. Mtoto atapona." Nikalisema hilo kwa Kikipsigis kwa nguvu zote nilizokuwa nazo. Watu walipiga makofi. Aliondoka na lori lile lile, na alipofika alikuta wanachimba kaburi. Alirudi kwetu baada ya wiki mbili, amekonda, akaendelea kuhubiri. Hakuna aliyemkumbusha maneno yake. Watu wetu hawana tabia ya kumkumbusha mfiwa. Lakini hawakusahau pia.

Ilifika mwezi wa nane. Alasiri moja mvua ilitukuta chumbani, tumekaa kitandani tukichambua maharagwe kwenye ungo. Akasema kitu ambacho sikukisikia kwa sababu ya mabati. Nikamwambia rudia. Akasogea karibu na sikio langu. "Nimesema, wewe unaamini?"

"Unamaanisha nini, mwinjilisti?"

"Usiniite mwinjilisti. Nakuuliza wewe, Joeli. Unapotafsiri. Unaamini?"

Nilichambua maharagwe mawili matatu. "Sijui," nikasema. "Siku zingine ni kama nasoma barua ya mtu mwingine."

Alicheka kwa pua, bila furaha. "Afadhali wewe unasoma. Mimi ndiye nimeandika, na siku hizi siwezi kuisoma." Kisha akanieleza. Tangu mazishi ya mtoto alikuwa akisimama pale mbele akiwa mtupu. Hakumchukia Mungu, alisema, hilo lingekuwa jambo rahisi. Ni kwamba alimwita na hakusikia mtu nyumbani. Alikuwa ameamua Jumapili hiyo hatahubiri. Atawaambia watu hana imani na kuwaomba wamwombee, kwa maana kama ipo mahali imebaki, imebaki kwa hao kina mama na si kwake. "Wataniombea, si ndiyo? Watu wa hapa ni watu wa magoti."

"Wataniombea hata mimi," nikasema. Sijui kwa nini nililisema. Lilitoka.

Alinigeukia. "Basi tusimame wote wawili. Mimi nitasema yangu, halafu nikutaje, nawe useme yako kwa lugha yako." Alinyoosha mkono, nikaushika. Mkono wake ulikuwa na vumbi la maharagwe. Nakumbuka nilijisikia mwepesi kuliko siku yoyote ya mwaka ule, na kama kuna wakati nilikaribia kile tunachokiita imani, ilikuwa hapo, kwenye kitanda hicho, tukikubaliana kusema kwamba hatuna.

Siku tatu baadaye Mzee arap Bett, mwenyekiti wa kanisa, alinisimamisha njiani. Hakuwa mtu mbaya. Nataka hilo lijulikane. Alikuwa mtu wa maneno machache aliyetembea na fimbo na kofia ya sufu hata kwenye jua. Aliniambia shule ya kanisa inahitaji mwalimu, hata asiye na mafunzo, na wazee wamelitaja jina langu. "Barua natia sahihi Jumatatu," akasema. "Tunataka kijana aliyesimama katika wokovu. Tumekuona pale mbele. Unatutoa machozi." Nilimshukuru kwa mikono miwili. Matokeo yangu yalikuwa yametoka na hayakuwa ya kunipeleka popote. Nilikuwa na nafasi hiyo moja, na ilikuwa baada ya Jumapili, siyo kabla.

Jumapili ilifika. Hakukuwa na mvua, jua liliingia kwenye matundu ya misumari likafanya nukta juu ya vitambaa vya kina mama. Zakaria alisimama bila Maandiko mkononi. "Ndugu zangu, leo sihubiri." Nikasema: leo hahubiri. "Mimi sina imani." Na mdomo wangu ukasema: hana iman. Hana ukweli. Naapa lilikuwa limetoka kabla sijaliona. Nilikuwa nawaza zamu yangu, nawaza barua, na ulimi ukachukua ile njia fupi ya Jumapili ya kwanza. Niliona vichwa vikigeukiana. Nilimwona Mama Tabitha kwenye benchi la tatu akinitazama kama anayengoja nijirekebishe. Mkalimani ana ruhusa hiyo. Unasema "narudia", unasema neno lililo sahihi, hakuna anayekulaumu. Nilikuwa na muda. Zakaria alikuwa amenyamaza, anapumua.

Sikurudia. Zakaria akasema, "Iliisha siku nilipomzika mtoto wangu." Hiyo niliitafsiri neno kwa neno, na mnong'ono ulipanda, kwa sababu wote walikumbuka ile "mtoto atapona". Kisha akanitazama, akatabasamu kidogo kama mtu anayemfungulia mwenzake mlango. "Na si mimi peke yangu." Nilitazama sakafu. Sikutafsiri. Alingoja, akaona siwezi, na nadhani alinihurumia, kwa sababu aliendelea bila kunitaja jina. "Ninawaomba mniombee." Nikawaambia: anawaomba mumsamehe. Hilo halikuwa kosa la ulimi. Hilo nililichagua, nikalitamka vizuri, na likafika benchi la nyuma.

Hakuna aliyepiga magoti. Mtu akianza kukiri uongo kanisani, kwetu hatuombi kwanza, tunaita wazee. Wazee watano waliketi kivulini nyuma ya kanisa, chai ikaletwa, Zakaria akaketishwa kwenye kiti, na mimi nikasimama katikati kwa sababu hapakuwa na mwingine. Arap Bett aliniambia kwa Kikipsigis, "Muulize ametudanganya kuhusu nini, na tangu lini." Nikamwambia Zakaria, "Wanauliza ilianza lini." Akasema mwezi wa nne. Nikawaambia mwezi wa nne. Wazee waliguna. "Muulize siku aliyotuambia mtoto atapona, alijua ni uongo?" Nikamgeukia: "Wanauliza kama siku ile uliamini mtoto atapona." Zakaria alifikiri sana juu ya swali hilo. Alikuwa mtu wa haki hata kwa maswali. "Nilitaka kuamini," akasema. Nikawaambia wazee: anasema alitaka tuamini. Ni tofauti ndogo sana, waweza kuipitisha mdomoni bila meno kugusana.

Mmoja wao, mzee mwenye sikio moja lililotogwa, alisema, "Tuliomba mpaka mke wangu akazimia, na yeye anajua!" Arap Bett alimtuliza kwa fimbo. Macho yake yalikuwa mekundu. "Mwambie hatuna chuki naye," akasema. "Amefiwa, tunajua. Lakini mtu asiye na iman hawezi kulala nyuma ya kanisa." Nikamwambia Zakaria, na hapa sikuhitaji hata kubadilisha neno, niliongeza irabu moja tu: "Wanasema mtu asiye na imani hawezi kulala nyuma ya kanisa."

Alinitazama. "Hata kuniombea hawataki?"

Wazee waliuliza anasema nini. Nikasema anaaga. Kwake yeye nilitikisa kichwa, maana yake hawataki.

Alifungasha asubuhi ya Jumatatu. Vitu vyake viliingia kwenye gunia moja. Koti alilivaa. Mlangoni aliniambia, "Hukusimama." Nikasema sikusimama. "Si kitu. Umeona walivyonifanya, nawe ungefanywa hivyo. Afadhali mmoja." Akanishika bega akaondoka kuelekea barabarani kati ya mashamba ya chai, na mvua ya usiku ilikuwa bado kwenye majani, ikamlowesha suruali mpaka magotini. Saa nne arap Bett alitia sahihi barua yangu.

Nilifundisha miaka sita, kisha nikarudi kwenye chai. Nilioa, nikabatizisha watoto, na kwa miaka mingi nimekuwa mzee wa kanisa lile lile, ambalo sasa ni la mawe na lina vipaza sauti. Ninasoma matangazo. Watu wengi wanaamini mimi ni mtu wa imani, na kuna siku nimekuwa hivyo, hasa nikiwa peke yangu shambani asubuhi. Na kuna miaka sikuwa hivyo kabisa. Nilimwona Zakaria mara moja tu. Ilikuwa Ndanai, siku ya soko, labda miaka kumi na mbili baadaye. Alikuwa ametandika nguo za mitumba juu ya turubai, ana mvi za kwanza. Nilijifanya nachagua kamba za ng'ombe. Alininyanyulia macho, uso ukafunguka. "Mkalimani! Wewe, papa!" alipiga kelele juu ya vichwa vya watu, akicheka. Niliiacha kamba mkononi mwa muuzaji, nikaingia katikati ya umati. Kati ya mambo yote, hili ndilo linalorudi zaidi. Ile Jumapili nilikuwa mtoto mwenye hofu. Pale Ndanai nilikuwa mtu mzima.

Ijumaa ya mazishi nilifika mapema. Boma lao liko kwenye mteremko wenye migomba, na hema la buluu lilifungwa kwenye mti wa parachichi. Watu waliongea Kikisii, nami nilikaa nisielewe chochote, nikinyanyuka waliponyanyuka. Nilipoitwa, kijana mmoja mwalimu, aliyewahi kufundisha upande wetu, alisimama kando yangu kunitafsiria kutoka Kikipsigis. Nilikuwa nimejiandaa. Nikasema sentensi moja moja, jinsi Zakaria alivyofanya. Nikasema nilimkosea marehemu. Nikasema alituambia hana imani, nami nikawaambia watu hana ukweli. Nikasema aliomba kuombewa, nami sikulipeleka ombi lake. Kijana alitafsiri kila kipande bila kusita, kwa sauti nzuri inayofika nyuma. Nilipomaliza watu walisema Amina, na mama mmoja akapiga vigelegele. Sijawahi kusikia mtu akipigiwa vigelegele kwa sababu ya kosa. Nikamgeukia kijana. Akaninong'oneza, "Mzee, kwenye mazishi hatusemi hivyo. Nimeiweka vizuri."

Mjane wa Zakaria alinifuata baadaye nikiwa nimeketi na sahani. Alijua Kiswahili vizuri, kwa miaka ya soko. Alishika mkono wangu kwa mikono yake miwili. "Asante sana, mzee. Umesema marehemu alikuwa na ukweli kuliko wale wenye imani. Hata yeye alikuwa anakusifu hivyo hivyo. Alisema Boito nzima ni wewe tu ulimwelewa."

Ningeweza kusema Amina. Wali ulikuwa bado moto, watu walikuwa wameridhika, na kijana yule alikuwa ameniweka vizuri. Niliweka sahani chini. "Mama, sivyo nilivyosema," nikamwambia. "Narudia." Nikamwambia yote, bila mtu wa kando. Yeye alisikiliza akitazama kaburi jipya ambapo vijana walikuwa wakipanga maua ya plastiki.

"Hakuingia kanisani tena," akasema mwishowe. "Hata harusi ya binti yetu alisimama nje kwenye dirisha. Nikimuuliza, anasema: niliomba magoti tu, wakaninyima." Akanigeukia. "Kumbe hawakukataa?"

"Hawakuulizwa, mama."

"Na yeye amekufa akijua walikataa."

"Ndiyo."

Nilingoja anifukuze. Alifuta uso kwa leso, akavuta sahani yangu, akaangalia ndani kama mwenye nyumba. "Hujawekewa mboga," akasema, akaita msichana aniletee chinsaga. Sikumsahihisha jina. Alikaa mpaka nikamaliza. Kisha akauliza, "Wale watu waliokuwa ndani siku hiyo, kuna waliobaki?"

"Amebaki mama mmoja tu."

"Mwambie."

Nilikwenda Jumamosi. Mama Tabitha sasa ni Kogo Tabitha kwa kijiji kizima, yaani bibi wa wote, haoni vizuri, na bado ananiita kijana ingawa nina miaka sabini na mmoja. Nilimkuta jikoni kwake kando ya moto, akipukuchua mahindi kwa mikono kwenye beseni. Nikamweleza kwa Kikipsigis, kutoka mwanzo mpaka kwenye mboga ya jana. Hakuacha kupukuchua. Punje ziliendelea kuanguka.

"Nilijua ulikosea," akasema. "Nilikungoja urudie. Uliposema anaomba msamaha nikafikiri basi, labda ni mimi niliyesikia vibaya." Akachukua gunzi lingine. "Kwa hivyo alisema kayanet."

"Alisema kayanet."

"Si tungepiga magoti pale pale! Mimi ningekuwa wa kwanza. Mwenyewe mwaka huo sikuwa nayo, mtoto wangu alikuwa na surua. Ningesema, mwinjilisti, sogea hapa, tuko wengi." Alitikisa kichwa. "Ni kitu cha dakika mbili, kijana. Tatu, kama arap Bett angeomba."

Nilicheka, na kicheko hakikuenda vizuri. Yeye aligeuza macho yake yenye ukungu kuelekea kwangu.

"Na wewe? Siku hiyo ulikuwa nayo?"

"Sikuwa nayo, Kogo. Ilikuwa nisimame na yeye."

"Miaka yote hii unatusomea matangazo."

"Ndiyo."

"Na sasa?"

Nilitafuta jibu lililo sahihi, kwa sababu sikutaka tena kumpa mtu neno lililokaribia tu. Lakini nilichelewa. Alikuwa amekwisha kuweka beseni chini, na mkono wake wenye vumbi la mahindi ulikuwa kichwani kwangu, naye ameanza kuomba.